Wenyeji na Wapita Njia: Maeneo ya Kihistoria ya Dodoma na Uwanda wa Kati

Kwa zaidi ya miaka 150, uwanda wa kati wa Tanzania umeelezwa vitabuni zaidi na watu waliopita kuliko na watu waliokaa. Wafanyabiashara wa pwani, wapelelezi wa Ulaya, wamisionari, maofisa wa Kijerumani na wa Kiingereza, mabwana kilimo na wanasiasa waliifikia nchi hii ya Wagogo, Warangi, Wasandawe na Waalagwa, kila mmoja kwa haja yake, na kila kundi liliacha alama ambayo mgeni wa leo anaweza kuitembelea: ngome, kanisa, stesheni, shamba lililoshindwa, makaburi. Alama za wenyeji wenyewe ni nyingi zaidi na ni za kale zaidi, lakini karibu zote hazina kibao wala mtu wa kuzieleza, na ndiyo sababu msafiri anayefika Dodoma kwa shughuli za serikali huweza kukaa wiki nzima jijini na kuondoka bila kujua kwamba amekuwa katikati ya nchi yenye kumbukumbu ndefu mno ya maisha ya binadamu.

Jambo linaloyaunganisha maeneo hayo ni maji. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayochukua sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma pamoja na upande wa mashariki wa Mkoa wa Singida, ni uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari, wenye msimu mmoja tu wa mvua unaoanza kwa kawaida mwezi Desemba na kwisha Aprili, na mvua yenyewe kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka katika sehemu nyingi. Mito yake mingi ni makorongo ya mchanga ambayo hujaa kwa saa chache baada ya mvua kubwa na kukauka, kwa hiyo katika miezi ya kiangazi maji hupatikana kwa kuchimba mchanga wa korongo au kwa kushuka ndani ya kisima kilichochimbwa na kutunzwa na ukoo fulani. Anayetaka kuielewa historia ya uwanda huu hana budi kuuliza kila anapofika ni nani aliyeyachimba maji ya mahali hapo, ni nani aliyeyanywa na ni nani aliyelipa gharama yake.

Eneo moja la wenyeji ambalo dunia imelitambua ni lile la michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo iliwekwa chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1937 wakati wa utawala wa Waingereza na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lililoorodheshwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na liko kwenye miteremko ya mashariki ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo vilima vya Irangi, nchi ya Warangi, vinaitazama nyika ya Wamasai. Michoro yenyewe haimo ndani ya mapango ya giza kama watu wengi wanavyodhani, bali iko kwenye kuta za miamba iliyoinama mbele ikafanya paa, mahali penye kivuli na mwanga wa kutosha, ambapo watu waliweza kulala, kuwasha moto na kujikinga na mvua. Miamba ya namna hiyo iliyorekodiwa imepita 150, na iliyo maarufu kuliko yote iko Mungomi wa Kolo, katika vilima vilivyo mashariki ya kijiji cha Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha.

Mgeni hupita kwanza kwenye ofisi ya Mambo ya Kale iliyoko Kolo, akapewa mwongozaji, kisha akapanda kilima kwa miguu, na anapofika mbele ya ukuta wa mwamba inambidi asimame kwa muda mpaka macho yazoee, kwa sababu mistari mingi imefifia na mingine imechorwa juu ya mingine. Baada ya muda watu huanza kuonekana: warefu, wembamba kuliko kawaida, wengine wenye vichwa vilivyozungushiwa mistari kama nywele zilizosimama au vilemba, na kati yao twiga, tembo na pofu wakiwa wamepakwa rangi nyekundu iliyotokana na udongo wenye madini ya chuma, ambao ulisagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikiza mwambani. Katika mchoro mmoja unaojulikana sana wa Kolo wanaonekana watu watano, mmoja katikati ambaye huenda ni mwanamke, wawili upande mmoja wakiwa wamemshika mkono na wawili upande wa pili wakiwa na vichwa vinavyofanana na vinyago. Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale ambaye pamoja na mumewe Louis alizifanyia kazi kuta hizi mwaka 1951 na kuinakili michoro mingi kwa mkono, aliuona mchoro huo kuwa tukio la mtu kutekwa na wengine wakijaribu kumzuia asichukuliwe. Nakala zake zilichapishwa mwaka 1983 katika kitabu *Africa's Vanishing Art*, na hadi leo baadhi ya nakala hizo ni ushahidi pekee ulio wazi wa michoro iliyokwisha kuharibika kuliko alivyoikuta.

Tafsiri ya Mary Leakey haikubaliwi na wote, na hapa ndipo maarifa ya wenyeji yanapoingia kwa uzito wake. Mtafiti Eric ten Raa, aliyeishi miongoni mwa Wasandawe miaka ya 1960, aliandika kwamba baadhi yao walikuwa bado wakichora miambani katika siku zilizo karibu na zake, tena akaihusisha michoro na simbo, ngoma ya Wasandawe ambamo wachezaji huingiwa na hali isiyo ya kawaida na kujiona wamepata nguvu za simba. Kwa mtazamo huo, watu warefu wenye vichwa vya ajabu si wawindaji waliochorwa vibaya, ni watu waliochorwa wakiwa katika hali hiyo ya ngoma, na yule wa katikati huenda hatekwi hata kidogo, anashikwa na wenzake asianguke. Umri wa michoro myekundu bado ni jambo la mabishano, ingawa uchimbaji uliofanywa katika mwamba wa Kisese ulitoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni na mabaki mengine yanayoonyesha kwamba watu walikaa hapo tangu makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Michoro myeupe, iliyo minene na ya haraka zaidi, ni ya karibuni, na huhusishwa na wakulima wasemao lugha za Kibantu walioingia baadaye.

Mungomi haijawa makumbusho tu. Warangi wameendelea kupatumia kwa matambiko ya kuomba mvua na kuganga magonjwa, na matambiko hayo huambatana na pombe na nyama ya mnyama aliyechinjwa, vitu ambavyo vikirushwa ukutani huiharibu michoro. Jambo hilo limezusha mvutano wa muda mrefu kati ya wahifadhi na wenye mila, lakini kumfukuza mwenye tambiko kwa ajili ya kumlinda mtalii ni kukata mzizi wa mahali penyewe, kwa kuwa heshima ya mila hiyo ndiyo iliyowafanya watu waache miamba hiyo bila kuigusa kwa vizazi vingi kabla ya kuwapo sheria yoyote ya serikali. Hasara kubwa zaidi imeletwa na wachimbaji wa hazina, wanaoamini kwamba Wajerumani walificha dhahabu chini ya miamba yenye alama na ambao wamelipua au kufukua sakafu za baadhi ya miamba hiyo usiku, wakatupa nje udongo uliobeba historia ya maelfu ya miaka bila kupata kitu.

Kusini ya Irangi, historia inayotembeleka huanza na njia ya misafara. Katika karne ya 19, njia kuu ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka Ugogo na kuendelea hadi Unyanyembe karibu na Tabora na hatimaye Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Msafara, yaani kundi la wapagazi, walinzi, wafanyabiashara na jamaa zao lililoweza kuwa na mamia ya watu, ulitembea kwa kiasi cha maji yaliyopatikana mbele yake, na kipande kilichoogopwa kuliko vyote katika sehemu hii kilikuwa Marenga Mkali, pori lisilo na maji kati ya Mpwapwa na Mvumi. Mahali pa mwisho pa kunywa kabla ya kuliingia pori hilo kwa aliyetoka pwani palikuwa Chunyo, penye chemchemi ya maji ya chumvichumvi karibu na Mpwapwa. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone, na Verney Lovett Cameron mwaka 1873, na wote waliacha maelezo ya kiu, ya wapagazi waliotoroka na ya furaha ya kuziona nyumba za Wagogo upande wa pili.

Nyumba hizo ziliitwa tembe, na bado ziko vijijini ingawa bati linaziondoa kwa kasi. Tembe ni nyumba ndefu na ya chini yenye paa bapa, iliyojengwa kwa nguzo za miti zenye panda, kuta za fito zilizokandikwa udongo, na juu yake magogo, matawi na tabaka nene la udongo lililoshindiliwa. Mara nyingi vyumba viliungana kuuzunguka ua ambamo ng'ombe walilala usiku, hata familia, mifugo na akiba ya uwele na mtama vikawa ndani ya ukuta mmoja. Wageni wa Ulaya waliidharau tembe kwa kuwa ni ya giza na haina urefu wa kusimama vizuri, lakini ni nyumba iliyobuniwa kwa makini na watu walioijua nchi yao: udongo mnene huzuia joto la mchana na baridi ya usiku, paa bapa haling'olewi na upepo mkali wa kiangazi, mlango mdogo humzuia fisi na mvamizi, na mbao ndefu zilizo adimu Ugogo hazihitajiki. Haifai kwa nchi ya mvua nyingi, na haikukusudiwa kuwa huko.

Suala lililoleta ugomvi mwingi kati ya misafara na Wagogo lilikuwa hongo, neno ambalo leo maana yake ni rushwa lakini ambalo wakati huo lilikuwa jina la ushuru halali aliolipwa mtemi, yaani mtawala wa nchi mwenye mamlaka ya mvua na ardhi, kwa ajili ya kupita, kunywa na kununua chakula katika himaya yake. Malipo yalikuwa ya shanga, waya na vitambaa, na kitambaa kilipimwa kwa doti, kipande cha yadi nne, iwe ni doti ya kaniki iliyotoka India au ya merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na meli za Salem. Kwa hiyo nguo iliyofumwa na wafanyakazi wa kiwandani Marekani iliishia mabegani mwa mtemi wa Ugogo kama bei ya maji, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kutamka habari za uchumi wa dunia nzima.

Stanley na wenzake waliandika kwamba hongo ni unyang'anyi, na maelezo yao yalirudiwa vitabuni mpaka Wagogo wakapata sifa ya ukali na tamaa. Hukumu hiyo si ya haki. Msafara wa watu mia tano uliofika mwezi Septemba uliweza kukausha kisima kilichokusudiwa kuwanywesha ng'ombe wa kijiji kizima hadi Desemba, na chakula ulichonunua kilitoka ghalani mwa watu wasio na uhakika wa mavuno yajayo. Mtemi aliyetoza hongo alikuwa anauza kitu adimu kuliko vyote nchini mwake kwa mtu aliyekuwa na haja nacho kuliko wote. Utaratibu huo ulivunjwa kwa bunduki: mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters, aliyekuwa akirudi pwani kutoka safari yake ya Uganda, alipotakiwa hongo na mtemi Makenge alijibu kwa kuchoma vijiji na kuteka ng'ombe, na baada ya miaka michache serikali ya Wajerumani ilianza kuwatoza Wagogo kodi yake yenyewe.

Mpwapwa ndio mji ambao alama za kipindi hicho zimerundikana zaidi, na inashangaza jinsi unavyopitwa na wageni. Shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS, lilifungua kituo hapo mwaka 1876, likakiimarisha kuanzia 1878 kama nyumba ya mapumziko kwa wamisionari waliokuwa wakienda Uganda, kisha likaongeza kituo cha Kisokwe jirani yake. Mwaka 1889, wakati wa vita vya watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, wapiganaji wa kiongozi wao Bushiri bin Salim walikishambulia na kukiharibu kituo cha kampuni hiyo Mpwapwa, na ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann akafika mwezi Oktoba mwaka huohuo kujenga ngome. Mwezi mmoja baadaye Stanley alipita tena, safari hii akitoka bara pamoja na gavana wa zamani Emin Pasha, akawakuta maofisa wa Kijerumani wamekwisha kukaa mahali ambapo mwaka 1871 alikuta tembe na masoko tu. Wajerumani waliutumia mji huo pia kwa utafiti wa magonjwa ya mifugo, kazi ambayo Waingereza waliiendeleza, na kutokana nayo kikapatikana kizazi cha ng'ombe kinachoitwa Mpwapwa, mchanganyiko wa ng'ombe wa kienyeji na wa kutoka India, Afrika Mashariki na Ulaya.

Juu ya mji, kwenye milima ya Kiboriani yenye baridi na ukungu, CMS ilikuwa na nyumba ya kupumzikia wagonjwa, na vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914 Wajerumani waliigeuza kuwa kizuizi cha wamisionari na raia wa Kiingereza. Kizuizi kingine kilikuwa Kilimatinde, kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilichojengwa ukingoni mwa Bonde la Ufa, ambapo mtu akisimama huona chini yake uwanda wa Bahi ukienea mpaka upeo wa macho, na baadaye pakawa kituo cha misheni na hospitali ya Kianglikana. Mwezi Aprili 1916 askari wa farasi wa Afrika Kusini wa upande wa Waingereza, chini ya Jenerali Jacob van Deventer, waliteka Kondoa Irangi, mji wa kale wa wafanyabiashara wa pwani na wa Uislamu wa Irangi, na mwezi Mei jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck likajaribu kuurudisha usiku wa tarehe 9 na kushindwa. Mwishoni mwa Julai Dodoma nayo ikaanguka.

Vita hivyo huelezwa karibu kila mara kama habari za majenerali wawili, na hapo wenyeji husahaulika tena. Majeshi yote mawili yaliishi kwa nafaka na ng'ombe wa Ugogo, na yote mawili yaliwachukua wanaume kwa nguvu kuwa wapagazi, wengi wao wasirudi. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, nchi iliyokwisha kunyang'anywa akiba, mifugo na mikono ya kulima haikuwa na pa kujishika, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu kati ya mwaka 1917 na 1920 na kuwatawanya wengine hadi Uhehe, Usukuma na pwani. Hakuna mnara wa Mtunya Dodoma, ingawa ni tukio lililobadilisha maisha ya mkoa huu kuliko mapigano yoyote yaliyopata ukumbusho. Mathias Mnyampala, mshairi mkubwa wa Kiswahili na mwanahistoria wa Wagogo, alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, mwanzoni kabisa mwa dhiki hiyo, na kitabu chake *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kilichotoka mwaka 1954, ndicho cha kwanza ambamo habari za watemi na koo za nchi hii zimekusanywa na mwenyeji kwa lugha ambayo wenyeji wanaisoma.

Mji wa Dodoma wenyewe ni mtoto wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa kupita nje ya Mpwapwa na Kilimatinde iliinyima miji hiyo umuhimu wake na kuipa Dodoma, mahali ambapo kabla ya hapo hapakuwa na soko kubwa. Stesheni ya kale bado iko katikati ya mji, mwendo mfupi kutoka sokoni, na tangu mwaka 2024 jiji lina stesheni ya pili ya reli ya kisasa, SGR, kwa hiyo msafiri anaweza kuziona enzi mbili za usafiri kwa siku moja. Chini ya Waingereza, mji huu ulipewa makao ya idara ya uchunguzi wa madini na miamba, ambayo makumbusho yake ya jiolojia bado yanafaa kutembelewa na yeyote anayetaka kujua ni kwa nini udongo wa Ugogo uko jinsi ulivyo, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe. Mwaka 1927 ukawa pia makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati chini ya askofu wa kwanza George Chambers kutoka Australia. Huko Mvumi, ambako misheni ilikuwa imefunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, alitawala Mtemi Mazengo, aliyejulikana kuliko watemi wote wa Ugogo wakati wa Waingereza na ambaye shule ya sekondari ya Mazengo mjini Dodoma ilibeba jina lake hadi majengo yake yalipokuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka 2007.

Kongwa, mashariki ya Dodoma, ndipo mahali penye mafunzo mengi kuliko ukubwa wake. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia baada ya vita, serikali yake iliamua kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa ikachaguliwa kuwa kiini cha mradi huo kwa sababu ilionekana tupu. Haikuwa tupu; ilikuwa malisho ya wafugaji waliojua kwa nini hawakuilima yote. Kuanzia mwaka 1947 yaliletwa matrekta yaliyotumika vitani pamoja na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, ikatandazwa reli ndogo kutoka Msagali, na wazungu pamoja na maelfu ya vibarua wa Kiafrika wakaanza kuvuta minyororo mizito kati ya matrekta mawili ili kuangusha vichaka. Vichaka vilianguka, lakini mizizi ilibaki na kuvunja majembe, mibuyu ikakataa, na mvua zilipokwisha udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali ukakauka ukawa mgumu kama tofali lililochomwa, hata karanga zilizokomaa zikashindwa kung'olewa ardhini. Mwezi Januari 1951 mradi uliachwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi, na jina la karanga likawa nchini Uingereza jina la kila mpango wa serikali uliopangwa mezani bila kuuliza wenye nchi.

Majengo ya mradi hayakupotea. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo Kongwa ilikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliyofungwa mwaka 1958, na ardhi iliyosafishwa ikageuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe, ambayo ni matumizi waliyoyajua wenyeji tangu mwanzo. Kisha mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuunda Kamati ya Ukombozi na kuipa makao Dar es Salaam, serikali ya Tanganyika ilitoa eneo la Kongwa kuwa kambi ya wapigania uhuru, na jengo la stesheni iliyoachwa na mradi wa karanga likawa sehemu ya makao yao. Hapo walifunzwa wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, ambao Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wao wa mafunzo, pamoja na wale wa ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe, na kutoka hapo ndipo walipoondoka watu wa SWAPO waliopigana Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku inayosherehekewa Namibia kama mwanzo wa vita vya ukombozi.

Ni vigumu kuona kijiji kingine barani Afrika ambamo marais na majenerali watarajiwa wa nchi tano tofauti walisubiri saa yao pamoja, wakinunua maziwa kwa wafugaji wa Kigogo, wakijifunza Kiswahili na kuoa huko. Wapo waliozikwa Kongwa, na makaburi yao yanatembelewa zaidi na wajumbe wanaotoka Pretoria, Windhoek na Maputo kuliko na wanafunzi wa Dodoma. Gharama ya kuwakaribisha, kama ile ya misafara, iliangukia watu wa kawaida wenye maji haba, nao mara hii hawakutoza hongo.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na baada ya miaka mingi ya kusuasua serikali ilihamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, Dodoma ikawa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na sheria ya mwaka huo ikathibitisha hadhi yake ya makao makuu. Wageni waliowahi kuja ni wengi, lakini hawa wa serikali ndio wa kwanza waliokuja kukaa, na kwa sababu hiyo wana wajibu ambao Stanley na Wissmann hawakuwa nao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotangulia utawala wa kikoloni, na mengine huhitaji kutangazwa na Waziri. Maana yake ni kwamba, visipotangazwa, stesheni ya Kongwa, kambi ya wapigania uhuru, majengo ya Kiboriani na tembe zilizobaki vinaweza kubomolewa kwa siku moja bila mtu kuvunja sheria hiyo, huku bei ya viwanja ikipanda kila mwaka.

Halmashauri za Mpwapwa, Kongwa, Chamwino, Bahi na Kondoa zina maofisa utamaduni, na vyuo vikuu vya Dodoma vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za utafiti. Kazi ya kwanza inayowangoja haihitaji fedha nyingi: kwenda na wazee katika kila kijiji cha njia ya misafara, kuandika jina la kila kisima, ukoo uliokichimba na mahali kilipo, kisha kuomba visima hivyo, kuanzia Chunyo hadi Kilimatinde, pamoja na kambi ya Kongwa vitangazwe kuwa urithi wa taifa. Wanaoyajua majina hayo wana umri wa miaka 80 na zaidi, na kazi hiyo ianze kiangazi hiki.